Sauti Imekwenda Wapi?

Ufundi wa sauti nilijifunzia kwenye redio. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa na meza barazani, mbele ya duka la vitenge, na mezani pake hazikukosekana redio za National zilizofunuliwa migongo, nyingine zikiwa bado na vumbi la Kilosa au Rufiji zilikotoka. Mteja alipoleta redio iliyonyamaza, mzee hakuanza kwa kuuliza imeanguka au imeingia maji. Aliiwekea betri nzima, akashika bisibisi kwenye chuma chake, kisha akagusisha ncha kwenye mguu wa kati wa volyumu. Spika ikinguruma, alisema, "Huku salama. Mgonjwa yuko kule."

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akifanya. Mwili wa mtu aliye karibu na nyaya za umeme huokota mtetemo wa hertzi 50 wa umeme wa majumbani bila mwenyewe kuhisi. Ukigusa mahali panapofaa, mtetemo huo unaingia kwenye redio na kutokea kwenye spika ukiwa mngurumo. Na volyumu, katika redio ya transista, imekaa katikati ya safari: nyuma yake kuna antena, koili na sehemu ya kuchuja kituo; mbele yake kuna vikuza sauti na spika. Kwa mguso mmoja mzee alikuwa ameigawa redio mapande mawili na kuliweka kando lile lisilo na kosa. Mguso uliofuata uligawa pande lililobaki. Swali lake lilikuwa moja tu kila mara: sauti imefika wapi?

Redio zilipopungua mezani nikahamia kwenye kompyuta, kwanza za mezani, halafu za kupakata, ambazo Kariakoo yote inaziita laptopu. Nilikwenda na bisibisi yangu na swali la mzee. Haikupita muda nikagundua tofauti kubwa. Redio ikinyamaza, mara nyingi kweli kuna kitu kimekufa: transista imeungua, waya umekatika, betri imevuja na kula chuma. Laptopu ikinyamaza, mara nyingi hakuna kilichokufa. Sauti imetengenezwa, imesafiri na imefika, ila imefika kwa mwingine, mithili ya barua yako iliyotumbukizwa kwenye sanduku la posta la jirani. Wewe unalaumu posta, na jirani yuko safarini.

Sababu ni kwamba milango ya kutokea imeongezeka. Kompyuta za mezani nilizoanza nazo zilikuwa na tundu la kijani nyuma, ukichomeka spika unasikia, usipochomeka husikii. Mfumo wa sauti uliotawala wakati ule ulikuwa AC'97, ambao Intel waliutoa mwaka 1997. Mwaka 2004 wakaja na HD Audio, na tangu hapo kompyuta moja ikaweza kuendesha njia kadhaa za sauti kwa wakati mmoja. Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ikaipa kila programu volyumu yake yenyewe. Ongeza waya wa HDMI unaokwenda kwenye runinga, ongeza USB, ongeza Bluetooth. Leo laptopu ya kawaida ya mwanafunzi wa chuo ina milango mitano au zaidi ya kutolea sauti, na mbele ya kila mlango kuna bawabu anayeweza kuwa amelala: kivinjari kilichonyamazishwa ukurasa mmoja, volyumu ya programu iliyoshushwa hadi sifuri, programu ya mikutano yenye chaguo lake la spika lisilofuata la mfumo.

Mwalimu mmoja wa sekondari alinipigia simu akiwa ukumbini, kwenye semina.

"Fundi, salamu baadaye. Watu wameshakaa, video inaonekana ukutani, sauti hamna. Na asubuhi nyumbani ilikuwa inaimba."

"Mwalimu, tangu asubuhi umechomeka nini?"

"Sijachomeka kitu."

"Na hiyo projekta?"

Akanyamaza kidogo. "Kwani nayo inahesabika?"

Inahesabika sana. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Kompyuta ikikutana na projekta au runinga inayojitambulisha kuwa inapokea sauti, mara nyingi huihamishia sauti huko bila kumuuliza mwenye nyumba. Baadhi ya projekta zina spika ndogo iliyozimwa kwenye menyu, nyingine zina tundu tu la kuipeleka sauti nje ambalo hakuna aliyechomeka kitu. Sauti ya mwalimu ilikuwa imepanda hadi darini na kuishia humo. Nilimwambia abonyeze alama ya spika kwenye kona ya chini kulia, afungue orodha ya vifaa vya kutolea sauti na achague spika za kompyuta yenyewe. Katika Windows 11 njia ya mkato ni kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na V. Video ikaanza kusema. Kwa kuwa spika za laptopu haziwezi kujaza ukumbi, nikamwelekeza achomeke waya wa vipaza sauti vya ukumbi kwenye tundu la hedifoni. Semina ikaendelea.

Simu ile ilinifunza namna ya kuuliza. Watu husema "sijabadilisha kitu" na hawadanganyi. Kwao kubadilisha ni kufungua mipangilio na kugusagusa. Kuchomeka projekta, kuchomoa flashi, kuwasha hedifoni za mtoto chumbani, kuiacha kompyuta ijisasishe usiku, hayo ni maisha ya kawaida. Kwa hiyo siku hizi siulizi kama kuna kilichobadilika. Nauliza: umechomeka nini, umechomoa nini, umeunganisha nini, na mara ya mwisho iliposikika ulikuwa wapi? Jibu la swali la mwisho hunipa zaidi ya mengine yote, kwa sababu mahali huja na vifaa vyake.

Baada ya maswali unakuja mguso. Kwa miaka nilikuwa natafuta, katika kompyuta, kitu cha kufanya kazi ya ule mguu wa kati wa volyumu: mahali pa kugusa ili safari igawanyike mara mbili. Kipo, na kimejificha kwenye dirisha la zamani la sauti ambalo Windows bado inalihifadhi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Itafunguka orodha ya vifaa vyote vya kutolea sauti, na pembeni mwa kila kimoja kuna vipau vidogo vilivyosimama. Cheza wimbo wowote, kisha vitazame. Vipau vya kifaa fulani vikipanda na kushuka kwa rangi ya kijani, sauti imefika pale. Programu ni nzima, kivinjari ni kizima, mfumo unafanya kazi; kama husikii, tafuta kuanzia hapo kwenda mbele, yaani spika, tundu, waya, au hedifoni zenyewe. Visipocheza popote, rudi nyuma ulikotoka wimbo. Na vikicheza kwenye kifaa ambacho hukukitarajia, jirani amepatikana.

Vipau hivyo vilimwokoa binti mmoja wa chuo aliyekuwa ameshaambiwa, kwenye kibanda kingine, kwamba bodi yake imeungua upande wa sauti. Vilikuwa vinacheza vizuri, lakini jina la kifaa lilikuwa la hedifoni, ilhali hakukuwa na hedifoni iliyochomekwa. Tundu la milimita 3.5 lina kiswichi kidogo sana ndani yake. Pini ikiingia, kiswichi kinasukumwa, na chipu ya sauti inazima spika na kupeleka sauti kwenye waya. Pini si lazima iwe pini. Nyuzi za mfukoni, vumbi lililoshikana kwa unyevu, kutu ya hewa ya bahari ambayo Dar es Salaam inatugawia bure, vyote vinaweza kukisukuma kiswichi au kukiganda kilipo. Wakati mwingine ncha ya pini ya bei rahisi hukatikia humo humo na mwenyewe asijue, anaona tu hedifoni zake zimefupika.

Dawa ilikuwa ya subira. Nilizima kompyuta, nikamulika tochi, nikatoa uchafu kwa kijiti cha kuchokolea meno kilichofungwa nyuzi chache za pamba zilizoloweshwa kidogo kwa spiriti safi, kisha nikaingiza na kutoa pini nzuri mara kadhaa ili miguso ijisugue. Sindano na waya wa chuma sitii kwenye tundu hilo hata kwa kubembelezwa, kwa sababu miguso ni myembamba na ikipinda hairudi. Tulipowasha, kifaa kwenye orodha kilisomeka spika. Binti alicheza wimbo akaucheza tena, kana kwamba haamini wa kwanza.

Hedifoni zisizo na waya zilipoanza kuuzwa kila kona, nilidhani kazi za matundu zitapungua na mimi nitapumzika. Kazi zilipungua kweli. Kilichokuja badala yake ni fumbo jipya: kifaa kinachosema kimeunganishwa na huku hakitoi kitu.

Kosa linaloongoza ni la kuwa na mabwana wengi. Hedifoni hukumbuka vifaa vilivyowahi kuoanishwa nazo, na zikiwashwa hukimbilia kimoja wapo, mara nyingi kile cha mwisho. Mama mmoja wa Upanga alikuwa akivaa zake, anafungua laptopu, anaona zimo kwenye orodha, anabonyeza, hakuna kitu. Baadaye kidogo anasikia sikioni mlio wa ujumbe wa WhatsApp wa mwanawe. Simu ya kijana ilikuwa chumba cha pili na ndiyo iliyozishika. Modeli nyingine zinaweza kushika vifaa viwili kwa pamoja, na hapo anayecheza sauti kwanza ndiye anayepewa nafasi, hata kama anachocheza ni tangazo lisiloonekana kwenye ukurasa wa simu.

Katika hali hiyo mimi hufuata utaratibu huu. Nazima Bluetooth kwenye simu zote zilizo karibu. Nazifuta hedifoni kwenye kompyuta kabisa, kwa kuwa kukata na kuunganisha upya pekee huacha kumbukumbu iliyoharibika pale pale ilipo. Nazirejesha hedifoni katika hali ya kiwandani, kwa kawaida ni kwa kushikilia kitufe hadi taa ibadilike. Zikiwa ni za vipande viwili, navirudisha vyote kwenye kisanduku chao kwanza, maana vinahitaji kutambuana kabla ya kuitambua kompyuta. Kisha naoanisha kwa kompyuta moja tu na kusikiliza. Ikikubali, ndipo simu zinarudishwa moja baada ya nyingine. Ile itakayoleta ukimya tena imejitaja yenyewe.

Lakini kisa kilichonifundisha zaidi kuhusu hedifoni hizi hakikuwa cha ukimya. Kilikuwa cha sauti mbovu, na mwenye nacho alikuwa mkalimani. Mwaka 2020 mikutano ilipohamia mitandaoni, wakalimani wengi walijikuta wakifanyia kazi nyumbani, na kwa Kiswahili kazi ilikuwa imeongezeka: SADC walikuwa wamekifanya lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo mwaka 2019. Huyu bwana alikuwa amenunua hedifoni za bei ya kutisha. Muziki ndani yake ulikuwa mtamu. Mkutano ukianza, na yeye akawasha maiki, sauti ilishuka ghafla na kuwa ya simu ya mezani, haina juu wala chini.

"Nimepigwa, fundi," aliniambia. "Wameniuzia feki."

Hazikuwa feki. Bluetooth ina njia mbili tofauti za kupitishia sauti. Ya kwanza, A2DP, ni ya kusikiliza tu: inakwenda upande mmoja, ina masikio mawili, na inabeba karibu sauti zote ambazo sikio la mtu linaweza kuzipokea. Ya pili ni ya mazungumzo, inaitwa HFP: inakwenda na kurudi, sikio la kulia na la kushoto hupata kitu kimoja, na nafasi yake ni finyu. Katika umbo lake la awali huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, na katika umbo bora lililofuata huchukua 16,000. Kanuni ya fizikia inasema huwezi kurudisha masafa yanayozidi nusu ya sampuli. Kwa hiyo njia ya mazungumzo inaishia hertzi 4,000, au kwa ukarimu 8,000. Pindi programu ya mikutano inapoifungua maiki ya hedifoni, kompyuta inalazimika kuiacha njia ya muziki na kushika ile ya simu. Windows 10 ilizionyesha njia hizo kama vifaa viwili kwenye orodha, na mtu aliweza kuona amechagua kipi. Windows 11 imevifanya kuwa kimoja, na ubadilishaji unafanyika nyuma ya pazia.

Kwa anayeongea na shangazi yake hilo si tatizo. Kwa mkalimani ni riziki. Kiwango cha kimataifa cha sauti ya ukalimani wa papo kwa papo, ISO 20108 cha mwaka 2017, kinataka sauti ifike kuanzia hertzi 125 hadi 15,000. Hiyo si anasa. Herufi s na f hutofautiana zaidi huko juu, kwenye masafa ambayo njia ya simu inayakata. Mjumbe anasema "sisi" na mkalimani aliyechoka anasikia "fisi". Muktadha humsaidia, lakini kila msaada wa muktadha ni kazi ya ubongo, na akifanya kazi hiyo asubuhi kutwa, jioni kichwa kinauma bila kujua kwa nini.

Tiba ilikuwa ya kuteua. Tuliiambia kompyuta na programu ya mikutano vitumie hedifoni kwa kusikiliza tu, na maiki iwe ile ya laptopu. Njia ya simu haikuwa na sababu ya kufunguka tena, na utamu ukarudi hapo hapo, yeye akiwa bado amezivaa. Kwa kazi yake hasa nilimshauri anunue zenye waya wa USB na maiki karibu na mdomo, ambazo hazina mgawanyo huo wala ucheleweshaji. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, kiasi ambacho kwenye filamu midomo hutangulia maneno. Kizazi kipya kiitwacho LE Audio, kilichotangazwa mwaka 2020, kimelenga kuipanua njia ya mazungumzo, ila kinahitaji hedifoni na kompyuta vyote viwili viwe vinakijua.

Tatizo la kukatikakatika lina mwenendo wake. Bluetooth hutumia masafa ya gigahertzi 2.4, yale yale yanayotumiwa na waifai nyingi na tanuri za maikrowevu. Ili kuishi humo, katika umbo lake la kawaida inarukaruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa zilizojaa. Kwenye jengo la ghorofa la Kariakoo ambako kila mpangaji ana kirusha waifai chake, zisizojaa ni chache. Tena kuna adui wa karibu ambaye wengi hawamshuku: diski ya nje ya USB 3.0. Intel walichapisha mwaka 2012 maelezo ya jinsi vifaa hivyo na nyaya zake vinavyomwaga kelele za redio kwenye masafa hayo hayo. Hamishia diski upande mwingine wa laptopu au itumie kwa waya mrefu kidogo, halafu sikiliza. Hamishia waifai kwenye gigahertzi 5, halafu sikiliza. Mwili nao ni kizuizi, kwa sababu maji hunyonya masafa hayo, na sisi ni maji kwa sehemu kubwa. Mtu anayeiweka simu mfuko wa nyuma na hedifoni kukatika kila anapogeuka hana haja ya fundi.

Nimesema "halafu sikiliza" mara mbili kwa makusudi. Katika ufundi huu, badiliko moja hufuatwa na jaribio moja, na badiliko lisilosaidia hurudishwa lilivyokuwa kabla ya kwenda kwenye jingine. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja anaweza kufaulu, na hatajua kilichomfaulisha. Kesho tatizo likirudi ataanza upya, akiwa na mabadiliko manne ya ziada yasiyo na mwenyewe.

Hapo ndipo ninapogombana na desturi ya mtaani kwetu ya kupiga Windows. Laptopu haina sauti? Piga Windows. Inaganda? Piga Windows. Kufuta mfumo wote na kuweka mpya huponya kweli baadhi ya magonjwa, hasa ya draiva, yaani ile programu ndogo inayouunganisha mfumo na chipu ya sauti. Lakini draiva ina tiba za hatua ndogo. Unaandika devmgmt.msc, unaifungua sehemu ya sauti, unakiondoa kifaa cha sauti na kuwasha kompyuta upya ili mfumo ukipachike tena. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, unairudisha draiva ya awali palipo na kitufe cha kuirudisha, au unachukua ile ya mtengenezaji wa kompyuta yako kwa jina kamili la modeli. Unafungua services.msc na kuiwasha upya huduma inayoitwa Windows Audio. Yote haya yanarudishika. Kufuta diski hakurudishiki, na mara nyingi humo ndani kuna tasnifu ya mtu.

Na kabla ya kuhukumu kama kosa ni la programu au la chuma, ipo njia safi kuliko zote: flashi yenye Linux. Ubuntu na jamaa zake zinaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Ukicheza video humo na spika zikatoa sauti, chuma ni kizima, rudi ukashughulike na Windows. Zikikaa kimya humo pia, shaka inahamia kwenye chuma. Kwa laptopu ambazo chipu ya sauti imekufa kweli, adapta ndogo ya USB yenye tundu la hedifoni humtosha mwanafunzi kwa fedha ndogo kuliko bodi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi hatupendi kulisema mbele ya wateja. Kazi nyingi za sauti huisha kwa kubonyeza mara tatu, na hakuna mtu anayefurahia kulipia mibonyezo mitatu. Mteja amepanda daladala kutoka Mbagala, amejiandaa kwa bei ya spika, na anataka kuona bisibisi ikizunguka. Kishawishi cha kuifungua laptopu, kupuliza ndani na kusema "nimebadilisha" ni kikubwa, na wapo wanaoishi kwa kishawishi hicho. Mimi niliweka ada ya kuangalia, ndogo, inayotajwa kabla sijagusa kitu, na inalipwa hata nisipobadilisha kifaa chochote. Baada ya hapo hufanya kila kitu mteja akiwa anaona, na humwonyesha vipau vya kijani na orodha ya vifaa ili kesho ajitazamie mwenyewe. Wenzangu walinicheka kwamba nafundisha wateja wasirudi. Wamerudi, tena na ndugu zao, wakiwa na matatizo makubwa zaidi, kwa sababu walishajua nikisema kitu kimeharibika basi kimeharibika.

Maana kuna siku kinakuwa kimeharibika. Bwana mmoja mwenye kibanda umiza, wanakolipa kiingilio kutazama filamu zilizotiwa maneno ya Kiswahili na madijei, alikuja na laptopu iliyonyamaza spika zote. Alikuwa na programu ya kuchezea filamu inayoruhusu sauti kupita asilimia 100, na kila subufa yake ilipokuwa na hitilafu alipandisha hadi mwisho ili watu wa benchi la nyuma wasikie. Sauti ikikuzwa kupita kiasi, vilele vya mawimbi hukatwa, na koili nyembamba ya spika hupata moto mwingi kuliko ilioumbiwa.

"Umechomeka nini, umechomoa nini, kaka?"

"Hakuna, fundi. Ilianza kukwaruza, ikawa inapasuka, ikanyamaza."

Vipau vilikuwa vinacheza, na kifaa kilikuwa spika. Tundu lilikuwa safi, na hedifoni zilitoa sauti nzuri. Kwenye flashi ya Linux, kimya. Nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa waya wa spika, nikaweka mita kwenye omu. Spika nzima ya aina hiyo husoma omu nne au chini kidogo, na mita ikigusa hutoa kimlio kidogo. Hizi zake hazikusoma kitu, zote mbili. Nikamshikisha mita ajipimie, halafu nikampa spika ya akiba niliyokuwa nayo droo aipime pia, aone tofauti.

Akapima, akarudia. "Basi hizi zimekufa," akasema yeye mwenyewe.

Nikamtajia bei ya spika mbili na kazi. Alilipa bila kuomba apunguziwe, na mtu yeyote aliyewahi kununua chochote Kariakoo anajua hilo lina uzito gani.